Ushahidi Kwanza, Marufuku Baadaye

Ni nadra klabu ya glaida kufukuzwa kiwanjani kwa barua ya kufukuzwa. Huondolewa taratibu, kanuni baada ya kanuni. Kwanza linakuja sharti la bima ya kiwango ambacho klabu ya wanachama hamsini haiwezi kukilipia. Kisha kila chombo kitakiwe kuwa na redio na transponda. Kisha saa za kuruka zipunguzwe Jumamosi na Jumapili, siku ambazo wanachama hawapo kazini. Kisha kila safari ya kuvuta glaida kwa kamba ihitaji kibali cha meneja. Mwishoni klabu inahesabiwa kuwa biashara, na inadaiwa ofisi, mfanyakazi wa kudumu na sebule ya wateja. Hakuna hata moja kati ya kanuni hizo inayosema glaida ni marufuku, lakini ukizijumlisha hupati jibu jingine. Sura hii inayaangalia mambo haya katika viwanja vya umma vya Marekani, ambako sheria imeyachambua kuliko karibu kwingineko kote, na hoja yake ni moja. Kiwanja kilichojengwa kwa fedha za umma kinaweza kuizuia aina fulani ya ndege, lakini anayezuia ndiye mwenye mzigo wa ushahidi, na aulete ushahidi huo kabla kanuni haijaanza kutumika. Sheria ya Marekani inaikubali sehemu ya kwanza ya hoja hii. Sehemu ya pili imeiacha hewani, na katika pengo hilo ndimo klabu zinamoangamia.

Ili kuona kanuni ipi ni ya haki na ipi si ya haki, lazima kwanza kujua glaida inavyoruka. Ni ndege isiyo na injini, yenye mabawa marefu na membamba. Hupandishwa na ndege ndogo inayoivuta kwa kamba hadi futi 2,000 au 3,000, au hurushwa kwa winchi inayofungwa mwisho wa uwanja. Ikishaachia kamba, hutafuta hewa inayopanda: hewa iliyopashwa joto na ardhi, upepo unaogonga ubavu wa mlima na kuelekea juu, au mawimbi ya hewa yanayojikunja nyuma ya safu ya milima. Kwa mawimbi ya namna hiyo glaida ya Perlan 2 ilifika futi 76,124 juu ya Argentina tarehe 2 Septemba 2018, karibu mara mbili ya kimo cha ndege za abiria. Lakini chombo hichohicho kikirudi kutua hakina nafasi ya pili. Rubani wa ndege yenye injini akiona njia imezibwa huongeza nguvu, akapanda na kuzunguka upya. Wa glaida akishaingia kwenye mstari wa kutua, lazima atue. Ndiyo sababu kifungu 91.113 cha kanuni za anga za Marekani kinaagiza ndege zenye injini ziipishe glaida. Huku chini tumefundishwa kuwa mwenye nguvu mpishe. Angani anayepishwa ni dhaifu, kwa kuwa mwenye injini ana hiari na asiye nayo hana. Kwa hiyo kanuni ya kiwanja inayoitaka glaida isubiri angani hadi ndege nyingine zimalize shughuli zao inakwenda kinyume na kanuni ya taifa, na inakwenda kinyume na fizikia pia.

Vyombo hivi havipo kwa burudani ya wazee wastaafu tu, ingawa nao wana haki yao. Marekani humruhusu kijana wa miaka 14 kurusha glaida akiwa peke yake, wakati ndege yenye injini humtaka afikishe miaka 16. Walimu katika klabu nyingi hufundisha kwa kujitolea, hivyo gharama huwa ndogo kuliko za shule ya urubani. Na stadi inayofunzwa humo si ya michezo. Julai 1983 Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta katikati ya safari, na nahodha Robert Pearson, aliyekuwa mzoefu wa glaida, aliitelezesha hadi kwenye uwanja wa zamani wa kijeshi huko Gimli, Manitoba. Wote waliokuwamo wakatoka hai. Chesley Sullenberger, aliyeitua Airbus juu ya Mto Hudson Januari 2009, naye alikuwa amerusha na kufundisha glaida katika Chuo cha Jeshi la Anga. Mifano miwili haithibitishi kwamba kila rubani wa glaida ni shujaa. Inatosha kuonyesha kwamba klabu ndogo iliyo pembeni mwa kiwanja ina faida inayovuka uzio wake.

Sasa tuje kwenye fedha, maana haki ya klabu inaanzia hapo. Viwanja vingi vya miji midogo ya Marekani havikujengwa na miji hiyo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali kuu iligawa viwanja vya kijeshi ilivyokuwa haivihitaji tena. Mwaka 1946 ikaanza kutoa ruzuku ya kujenga viwanja vya kiraia. Na tangu 1982 kuna mpango wa ruzuku unaotegemea kodi za tiketi na mafuta ya ndege. Mpango wa taifa unataja viwanja takriban 3,300, na kwa kiwanja kidogo serikali kuu kwa kawaida hubeba asilimia 90 au zaidi ya gharama za mradi. Mji unaopokea fedha hizo hutia saini ahadi. Ahadi za ujenzi kwa kawaida hudumu miaka 20. Zinazohusu ardhi iliyonunuliwa kwa ruzuku hazina mwisho. Ahadi ya 22 ndiyo inayotuhusu: mwenye kiwanja atakifungua kwa umma kwa masharti ya kadiri, bila ubaguzi usio na sababu, kwa aina zote za shughuli za anga. Glaida ni shughuli ya anga. Haikuingizwa kwa hisani ya meneja. Ilikuwamo tangu mji ulipotia saini na kupokea hundi.

Ahadi hiyohiyo inaacha milango miwili wazi, na ni haki kuitaja. Mwenye kiwanja anaweza kuweka masharti ya kadiri yanayowahusu watumiaji wote, endapo yanahitajika kwa usalama na ufanisi. Pia anaweza kuizuia aina moja ya shughuli, endapo usalama au mahitaji ya umma yanalazimisha. Neno lenye uzito katika milango yote miwili ni ulazima. Mwongozo wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, FAA, uliotolewa mwaka 2009 unafafanua kwamba mwamuzi wa mwisho wa madai ya usalama ni FAA yenyewe, na si diwani wala meneja wa kiwanja. Sababu yake ni nyepesi kuielewa. Meneja anayetaka nafasi ya kuegesha ndege za matajiri, au diwani ambaye wapiga kura wake wamechoshwa na ndege inayovuta glaida asubuhi ya Jumapili, wote wawili wanaweza kulitumia neno usalama kwa nia njema kabisa na bado wakawa wanazungumzia kitu kingine.

Kesi ya Santa Monica, California, inaonyesha jinsi kipimo hicho kinavyofanya kazi kikitumiwa barabara. Machi 2008 baraza la mji huo lilipitisha sheria ya kuzuia ndege zinazotua kwa mwendo mkubwa, yaani jeti nyingi za binafsi, kwa hoja kwamba nyumba zipo karibu mno na ncha za njia ya kurukia. Hoja hiyo haikuwa ya kubuni. Nyumba zilikuwapo na zinaonekana. Hata hivyo FAA ilisema hatari iliyotajwa haikulazimisha marufuku, kwa kuwa kulikuwa na hatua nyepesi zaidi, kama vile kuweka mwishoni mwa njia sakafu laini inayokamata magurudumu ya ndege iliyopitiliza. Januari 2011 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Wilaya ya Columbia ikaunga mkono uamuzi wa FAA. Fundisho lake kwa glaida liko wazi: hata hatari ya kweli haitoshi kuhalalisha marufuku ikiwa ipo dawa ndogo kuliko hiyo. Lakini kesi hiyo ina fundisho jingine ambalo husahaulika. FAA ilitoa amri ya kusimamisha sheria ya mji katika kipindi cha wiki chache, ikaenda mahakamani kupata zuio, na jeti zikaendelea kutua muda wote wa kesi. Waliotishiwa na marufuku walikuwa na serikali kuu upande wao tangu siku ya kwanza.

Klabu ya glaida haina bahati hiyo. Njia yake ni malalamiko rasmi chini ya Sehemu ya 16 ya kanuni za anga. Kabla ya kuyawasilisha, lazima ionyeshe kwamba imejaribu kwa dhati kusuluhishana na mwenye kiwanja. Yakishawasilishwa, pande zote hujibizana kwa maandishi. Kisha mkurugenzi wa FAA anayehusika ana siku 120 za kutoa uamuzi, zinazohesabiwa tangu siku ambayo hati ya mwisho ilitakiwa kuwasilishwa, na si tangu klabu ilipoanza kuumia. Baada ya hapo kuna rufaa ndani ya FAA, na baada ya hiyo kuna mahakama. Klabu ikishinda hailipwi fidia, kwa sababu adhabu kuu ni mji kunyimwa ruzuku zijazo. Muda wote huo kanuni inaendelea kufanya kazi. Wanachama wanahamia kwingine au wanaacha, ndege ya kuvuta inauzwa ili kulipia pango la banda, na wanafunzi wa miaka 14 wanakua bila kuruka. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na klabu isiyo na mapato huumia mapema kuliko mji wenye mwanasheria wa mshahara. Mji unaotaka kuiondoa klabu hauhitaji kushinda kesi. Unahitaji tu kesi ichukue muda mrefu kuliko akiba ya klabu.

Je, haiwezekani kupanga mambo kwa namna nyingine? Inawezekana, na Marekani yenyewe imeshafanya hivyo kwa suala la kelele. Sheria ya mwaka 1990 kuhusu kelele za viwanja inamtaka anayekusudia kuzuia jeti za makundi fulani ya kelele kuchapisha kwanza uchambuzi wa gharama na faida, kueleza njia mbadala alizozifikiria, na kutoa taarifa siku 180 kabla. Kwa makundi yenye kelele ndogo zaidi, anahitaji pia idhini ya FAA au makubaliano ya waendeshaji wote. Mji wa East Hampton, New York, ulijaribu kukwepa utaratibu huo mwaka 2015 kwa kupitisha sheria za kuzuia safari za usiku na ndege za kelele. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Pili ilizizuia kwa sababu utaratibu haukufuatwa. Mtu anaweza kudhani kwamba utaratibu kama huo ni njia ya kukataa kila kitu kwa adabu, lakini mji wa Naples, Florida, unakanusha dhana hiyo. Mamlaka ya kiwanja chake iliufuata, ikafanya uchambuzi, ikazipiga marufuku jeti za kundi la kelele kubwa, na FAA ilipopinga, mahakama ya rufaa mwaka 2005 iliipa Naples ushindi. Aliyeleta ushahidi kabla ya marufuku alishinda; aliyeanza na marufuku alishindwa. Kinachoshangaza ni kwamba ulinzi huu unaifuata kelele. Jeti inayotikisa madirisha inalindwa na siku 180 za uchambuzi. Glaida, isiyo na injini ya kupigia kelele, inaweza kuwekewa kanuni kwenye kikao cha Jumanne na kuanza kuitii Jumatano, mradi kanuni hiyo imeitwa ya usalama.

Pingamizi zito kuliko yote ni hilo la usalama, na halifai kujibiwa kwa kejeli. Tarehe 28 Agosti 2006 jeti ya biashara aina ya Hawker 800XP ikiwa na watu watano iligongana na glaida kwenye kimo cha takriban futi 16,000, karibu na Minden, Nevada, eneo maarufu kwa mawimbi ya hewa ya Sierra Nevada. Rubani wa glaida aliruka kwa mwavuli, jeti ikatua ikiwa imejeruhiwa vibaya, na kwa bahati kubwa hakuna aliyekufa. Glaida ilikuwa na transponda, kifaa kinachoiwezesha rada na ndege nyingine kukiona chombo, lakini ilikuwa imezimwa ili kutunza betri. Kanuni za taifa huisamehe glaida kubeba kifaa hicho katika maeneo mengi, na mwaka 2008 Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ilipendekeza msamaha huo uondolewe. Mtetezi wa kanuni kali atasema: mnataka ushahidi gani zaidi? Ushahidi upo, na unasema jambo mahususi. Unasema kwamba glaida inayoruka juu katika njia za jeti inapaswa kuonekana kwenye rada. Hausemi kwamba glaida isitue kiwanjani Jumapili, wala kwamba klabu ijenge sebule ya wateja. Ajali ilitokea mbali na njia ya kurukia, na hakuna saa za kufungua au kufunga kiwanja ambazo zingeizuia. Hatua zilizofuata zililenga hatari yenyewe: mwaka 2012 glaida zilitengewa namba moja ya transponda nchi nzima, 1202, ili mwongoza ndege aitambue glaida anapoiona kwenye skrini. Hivyo ndivyo ushahidi unavyofanya kazi ukiachiwa uongoze. Huchagua dawa inayolingana na ugonjwa.

Kanuni hiyohiyo inailazimu klabu nayo. Kuna hatari ambazo glaida huzileta kweli kiwanjani, na wanachama wake hawana budi kuzikiri. Kebo ya winchi hupanda mamia ya futi juu ya uwanja, na rubani anayepita hawezi kuiona. Kiwanja chenye ndege nyingi kina haki ya kuitaka klabu itumie ndege ya kuvuta badala ya winchi, au kuipangia winchi saa na upande wake. Glaida iliyotua katikati ya njia haiwezi kujiendesha yenyewe hadi pembeni. Ni haki klabu itakiwe kuwa na watu na gari la kuiondoa upesi. Redio katika kiwanja kisicho na mnara wa kuongozea si lazima kwa sheria za taifa, lakini ni kifaa cha bei ndogo, na klabu inayoikataa kwa sababu tu haikulazimishwa inadhoofisha hoja zake yenyewe. Masharti haya yote yangefaulu mtihani wa ushahidi ndani ya wiki moja, kwa kuwa kila moja linataja hatari, linaonyesha linavyoipunguza, na haliendi mbali kuliko inavyohitajika. Anayeogopa mtihani huo kwa kawaida ana sharti lisiloweza kutaja hatari yake.

Pingamizi la pili ni la kiuchumi. Jeti hununua mafuta mengi, hulipia mabanda makubwa na huleta wageni wenye fedha. Klabu hulipa kidogo na kuichelewesha njia. Kuna ukweli hapa, na mji una haki ya kudai ada inayolingana na matumizi. Lakini ruzuku haikutolewa kwa ajili ya mteja mwenye faida kubwa. Ingekuwa hivyo, kodi ya tiketi ya abiria wa kawaida ingekuwa inajenga maegesho ya wachache. Isitoshe, msongamano una dawa nafuu kuliko kufukuza. Kiwanja cha Boulder, Colorado, kina njia ya pili kwa ajili ya glaida, sambamba na ile kuu, na hivyo vyombo vya mwendo tofauti havisubiriani mno. Ama kuhusu kuiita klabu biashara, mwongozo wa FAA umeshatofautisha: klabu isiyo ya faida ambayo wanachama wanamiliki vyombo kwa pamoja haipaswi kubebeshwa viwango vilivyowekwa kwa kampuni zinazouza huduma kwa umma. Ikianza kuuza safari kwa kila mpita njia, hapo mizani hubadilika, na ni sawa ibadilike.

Boulder huohuo unatuleta kwenye pingamizi la tatu, ambalo ni gumu zaidi kisiasa: kwa nini wakazi wa mji wasiamue wenyewe ardhi yao itumikeje? Mwaka 2024 mji huo ulifungua kesi dhidi ya FAA ukitaka itamkwe kwamba wajibu wake unaisha mwaka 2040, ili uweze kukifunga kiwanja na kufikiria makazi badala yake. FAA inashikilia kwamba ardhi iliyonunuliwa kwa ruzuku inaufunga mji bila kikomo. Hitaji la nyumba si la kudharauliwa. Hata hivyo, tazama tofauti ya mwenendo. Mji unaotaka kufunga kiwanja chote na kwenda mahakamani kusema hivyo umetangaza nia yake, umekubali kubishaniwa hadharani, na watumiaji wote wanasimama sawa mbele ya uamuzi. Mji unaoacha kiwanja wazi na kuwachuja wasio na nguvu kwa kanuni ndogondogo unakula ruzuku huku ukikwepa sharti lake. Demokrasia ya mji inaheshimiwa katika mwenendo wa kwanza. Katika wa pili mara nyingi wakazi hawajaulizwa chochote, kwani kanuni za kiwanja hutungwa na kamati ambayo vikao vyake havihudhuriwi na watu.

Uingereza inaonyesha hali inavyokuwa pasipo mkataba wa ruzuku wa namna hii. Klabu ya Lasham, Hampshire, miongoni mwa klabu kubwa kabisa za glaida duniani, ilijikuta jirani na kiwanja cha jeti za biashara cha Farnborough kilichoomba anga inayozunguka iwekwe chini ya udhibiti. Sheria ya usafiri ya mwaka 2000 inaitaka mamlaka ya anga ya huko iutangulize usalama, kisha ipime mahitaji ya watumiaji wa aina zote. Mamlaka ilikubali ombi mwaka 2018, Lasham ikaenda Mahakama Kuu na kushindwa mwaka 2019, na anga hiyo ikaanza kudhibitiwa Februari 2020. Mtu anaweza kuupinga uamuzi ule, lakini kuna jambo la kujifunza. Mashauriano yalitangulia, takwimu ziliwekwa mezani, na kesi ilisikilizwa kabla mpaka mpya haujaanza kutumika. Lasham ilishindwa ikiwa bado hai. Klabu nyingi za Marekani zina haki nzito zaidi kwenye karatasi, lakini zinaweza kushinda zikiwa zimeshakufa.

Marekebisho yanayohitajika si makubwa. FAA iagize kwamba kanuni yoyote ya kiwanja chenye ruzuku inayoigusa aina moja ya shughuli za anga ichapishwe pamoja na hatari inayolengwa, ushahidi wake na njia mbadala zilizokataliwa. Kwamba isianze kutumika kabla ofisi ya FAA ya eneo hilo haijaipima. Na kwamba kukiwa na dharura, meneja aweze kuweka zuio la muda lenye tarehe ya mwisho, litakalokufa lenyewe asipoleta ushahidi. Wapo watakaosema kwamba huu ni urasimu kwa kiwanja chenye mfanyakazi mmoja. Lakini kiwanja hichohicho hujaza makaratasi mengi zaidi kila kinapoomba fedha za kuweka lami upya. Anayeweza kueleza kwa nini anahitaji lami anaweza pia kueleza kwa nini anamzuia jirani asiikanyage. Akishindwa kueleza, basi kanuni yake haikuwa na sababu ya kuzaliwa, na klabu isitozwe gharama ya kuthibitisha hilo.